Gauni la Dada

Jumatatu, 3 Machi

Wamewasha leo.

Mashine yenyewe nimeshaizoea. Waya mbili nyembamba ndani ya ubongo, betri chini ya mtulinga, kivimbe kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Sonona hii imezishinda dawa zote, ndiyo maana tukafika kwenye waya. Daktari alikaa na kompyuta yake, akawa anaongeza umeme kidogo kidogo na kuniuliza: vipi sasa? Hamna. Vipi sasa? Hamna kitu. Nikaanza hata kumwonea huruma.

Halafu akabadilisha sehemu, na mimi nikageuka nyuma na kuitika "Abee!"

Dada akashtuka kitini. Hakuna aliyekuwa ameniita. Ila mimi nilikuwa nimemkumbuka Mama — jinsi alivyokuwa akiniita toka kwenye cherehani, pini mdomoni, jina langu likitoka nusu. Miaka yote ya ugonjwa nilijua kwamba nilikuwa na mama, kama mtu anavyojua namba ya nyumba yake. Basi. Hakuna kilichokuja na hiyo habari, wala uso wala sauti. Leo amekuja na pini zake!

Nimelia, kilio kizuri. Dada naye kalia, akasingizia vumbi. Hospitalini, vumbi!

Alhamisi, 6 Machi

Leo kwa Bibi Maneno. Ndivyo nilivyombatiza mwanasaikolojia, maana kazi yake ni kunisomea maneno niyarudishe. Kabla ya upasuaji nilirudisha mawili matatu nikaomba kwenda kulala. Leo nimerudisha karibu yote. Akaja na namba, mbele na kinyumenyume. Nikacheka. Mama wee, hiyo si ndiyo kazi yangu ya utotoni!

Nikamweleza. Kwenye kiduka chetu Mama hakutaka vipimo viandikwe. Karatasi inapotea, alisema, na hakuna mwanamke anayependa kiuno chake kilale mezani kikisomwa na kila mpitaji. Kwa hiyo Dada anapima na kuita namba. Mimi nimeegemea mlango, nazishika kichwani. Siku Mama akikata, anauliza tu bila kugeuka — kifua? mabega? — nami najibu. Sikukosea. Wateja wakishangaa, Mama anawaambia: "Kabati langu hilo, linatembea."

Bibi Maneno aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema atanipima tena baada ya wiki chache, kwa sababu akili ikipanda haraka sana nayo huangaliwa. Sikumtilia maanani.

Jumatano, 12 Machi

Silali sana. Sina haja nako! Vitu vinakuja vyenyewe. Pazia la chumba cha kupimia — kijani, lenye alama ya pasi upande wa kushoto, kosa la Dada ambalo nilipigiwa mimi. Yule mteja mwenye kitambi aliyekuwa akibana pumzi kila futi ikimzunguka. Dada akawa anamuuliza habari za watoto wake, mmoja mmoja, mpaka apumue. Alikuwa na watoto wengi, masikini, hakuwa na ujanja.

Nimecheka peke yangu jikoni hadi chai imepoa. Nilikuwa wapi miaka yote hii?

Jumanne, 18 Machi

Dada anastaafu. Mwalimu mkuu mzima, wanamuaga Jumamosi ya tarehe 29. Nimemwambia gauni la siku hiyo ni langu. Yeye ndiye aliyenilisha kwa kijiko nilipokuwa siinuki kitandani, gauni moja ni nini?

Amekuja na kitambaa cha zambarau iliyokolea, kizito, cha bei ambayo hakutaka kuitaja. Na futi yake mkobani. Akasimama katikati ya sebule, kainua mikono kama mtoto anayevuliwa shati. Nikamwambia ashushe mikono, vipimo vyake ninavyo kichwani. Akaniuliza nina uhakika? Ninao! Mimi niliyewahi kusimama dukani mbele ya sabuni mbili nisijue nichukue ipi, mpaka muuza duka akaniletea kiti — leo sina shaka hata chembe.

Alipoondoka tu nikakata. Mkasi wa Mama, cherehani ya Mama. Mkono haukusimama hata mara moja.

Jumapili, 23 Machi

Gauni limemgomea.

Mabegani halipiti. Kiuno hakifungi. Pindo linafagia sakafu, maana Dada ni mfupi aliyejaa, toka shule wakimwita Pipa. Nikamwambia amenenepa. Nilimwambia kwa kumkaripia, tena mara mbili, nimesimama na pini mkononi, nikiwa na hakika kwamba kosa ni la mwili wake.

Dada alilivua, akalitandaza kitandani, akawa analilainisha kwa kiganja. Muda mrefu. Kisha akasema, "Hili ni la Mama."

Nikabisha. Akachukua futi, akapima gauni na kuita kama zamani. Mabega — nikamalizia kabla yake. Kifua — nikamalizia. Urefu — nikamalizia, na hapo nikasikia ninachosema. Vipimo vilikuwa vya gauni la bluu, lile alilovaa Mama siku Dada anahitimu ualimu. Mama mrefu, mwembamba, mabega kama henga ya nguo. Nimemkatia dada yangu gauni la marehemu, na halikosei hata robo inchi.

Kukosea kila fundi hukosea. Kinachonitisha ni kwamba ndani yangu hakuna aliyeuliza. Ugonjwa ulinijaza shaka mpaka nikashindwa na sabuni. Sasa sijabakiwa hata na ile shaka ndogo ya kukatia kitambaa.

Jumatatu, 24 Machi

Dada kampigia daktari bila kuniambia. Nimekasirika sana.

Aliponipa simu, daktari akasema kwamba umeme uko juu. Kutolala, haraka, huo uhakika wangu — vyote ni dalili, inabidi apunguze. Nikamuuliza, na Mama? Akaelewa nilichouliza. Alisema hajui. Kumbukumbu zinaweza kubaki, zinaweza kufifia, hawezi kunidanganya. Nikamjibu aiache mashine kama ilivyo. Gauni litashonwa jingine.

Dada alisubiri mpaka nikakata simu. Akakaa karibu yangu.

"Mama nilishamlilia, nikamaliza," akasema. "Wewe nilikulilia uko hai, mdogo wangu. Siwezi tena."

Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Naogopa. Akipunguza, likirudi lile giza? Nimetoka huko juzi tu, najua njia yake ilivyo fupi. Na Mama ndiyo kwanza kaja, sijamaliza hata kumtazama.

Jumamosi, 29 Machi

Wamemuaga Dada. Alivaa suti yake ya kahawia, ile ya mikutano ya wazazi. Watu walimsifu, akacheka, akanitafuta kwa macho kila walipopiga makofi.

Gauni nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu. Urefu ni wa Mama kabisa. Asubuhi, kabla ya sherehe, nilipoamka niliona mabega yake na nikaliamkia. Shikamoo.

Kisha nikasubiri jibu.

Sijui nilisubiri kwa muda gani. Nilipojigundua, nikavaa viatu, nikaenda kwa Dada nikamwambia ampigie daktari.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandikia kwenye korido ya hospitali. Ameshapunguza. Kidogo tu, kasema, na tukae hapa nje tuone.

Hakuna giza. Bado. Kuta ni zilezile, chupa ya maji ni ileile. Ni kama mtu kapunguza redio, na sasa nasikia viatu vya manesi.

Najaribu. Pazia: kijani. Alama ya pasi — kushoto. Au kulia? Kushoto, niliandika mwenyewe. Mama na pini mdomoni. Pini naziona. Jina langu linatoka nusu, ndiyo, lakini sijui kama nalisikia au najua tu kwamba nililisikia. Nimefumba macho nijaribu tena. Amekuja kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Nimemmiss kabla hajaondoka.

Dada kaniona nikijifuta macho. Katoa mkobani lile gauni la zambarau, alilolichukua nyuma ya mlango wangu, kasema kitambaa kizuri hivi hakiozi, kitatoa blauzi. Kisha katoa futi, kanipa. Kasimama katikati ya korido, mikono juu, mwalimu mkuu mstaafu, na wagonjwa wote wanatutazama.

"Pima," kasema. "Na usiandike."

Nimempima. Mabega, kifua, kiuno. Futi imezunguka mbali kuliko nilivyodhani na nimeuma midomo nisicheke. Akasema anakwenda kunywa maji. Kaenda hadi bombani mwisho wa korido, kanywa bila haraka, karudi taratibu. Sasa amesimama mbele yangu kanipa mgongo, kama Mama alivyokuwa akisimama mezani na mkasi.

"Mabega?" kauliza, bila kugeuka.

Anasubiri. Mabega yenyewe yako mbele ya macho yangu, mapana, yamechoka, ya kwake. Namba ninayo. Nadhani ninayo. Ananiuliza mbona kimya, ninaandika nini huko, au nimeshasahau.

Nimemwambia ainue mikono, nipime tena.