Baba Okezie Asiende Lagos

Orlu,
Jumapili, baada ya ibada.

Dada yangu mpenzi Ugoye,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje? Na wale wajukuu pacha, tumbo limetulia? Sisi tunalala na kuamka, tunamshukuru Mungu. Mihogo imesimama vizuri mwaka huu. Mwandiko wangu unaujua, vita vilinikuta darasa la tatu, kwa hiyo soma polepole, tena soma mwenyewe, usimpe hata binti yako Nnenna. Ningekupigia simu, lakini pale kibandani unaongea huku foleni nzima imetega masikio, na haya si maneno ya foleni.

Dada, Baba Okezie anataka kwenda Lagos kumrudisha mwanawe nyumbani. Basi ni Jumamosi. Ameshanunua na jogoo wa kumpelekea. Nakuomba uje kabla hajapanda hilo basi, na sababu nitakueleza, ila niache nianze mbali kidogo.

Unakumbuka Okezie alivyoacha duka la vipuri la mjomba wake, akasema anakwenda kuigiza sinema, na baba yake akamfungia mlango. Miaka ikapita, kimya. Halafu mwaka jana nikamwona kwenye kanda ya video. Nilikuwa napita kwa Uzodinma, yule muuza kanda wa sokoni anayeweka televisheni mlangoni ili kunasa watu. Ilikuwa sinema ya mfalme wa kale. Sinema mbaya, nakwambia! Mfalme wa enzi za mababu, na nyuma ya kiti chake zinapita nyaya za umeme. Malkia kapaka kucha rangi. Nilishageuka niende zangu na ndoo ya mafuta, ndipo nikamwona anayempepea mfalme. Nilipiga ukelele. Watu wakanicheka, eti mama tulia, mfalme hajafa kweli. Nikawaambia mfalme na afe akipenda, huyo mwenye pepeo ni mwanangu.

Tangu hapo kila kanda mpya ikija lazima ipite kwangu. Baba Okezie alijifanya haimhusu. Alikaa nje chini ya dirisha ananoa panga, kila jioni panga, sijui alitaka kumchinja nani. Siku moja akauliza kutoka huko nje, kama mtu anayeulizia mvua, "Ametokea?" Nikamjibu macho yangu hayaazimwi, aingie aangalie mwenyewe. Akaingia. Hakutoka tena.

Tukaona ile ya mapenzi. Binti analia kanda ya kwanza, analia na ya pili, na nywele hazijasogea hata unywele mmoja. Analilia mwanamume ambaye hata kumwamkia mama yake hajui! Mimi ningeolewa na dereva wake, huyo angalau alikuwa na adabu. Lakini kwenye arusi Okezie yumo, meza ya nyuma kabisa, anakula wali. Wenzake wanagusagusa sahani, yeye anakula kweli. Baba yake akacheka, akasema huyo haigizi, huyo ana njaa. Mimi sikucheka.

Ya mizimu ilinichekesha mwanzoni, maana mzimu ulikuwa umevaa saa. Kisha likafunguliwa jeneza na mwanangu kalala ndani. Uzodinma alisema waigizaji wengi hukataa kulala humo, au hutaka nyongeza na maombi kwanza. Baba Okezie aliinuka akazima televisheni. Alisema tu, "Mwanangu ndani ya jeneza sitazami."

Ya vita ndiyo niliyoisifu. Mimi na wewe tulikuwa Biafra, tunajua. Sinema nyingi za vita, askari wana mashavu kama mikate na risasi haziwaishii. Hii ilikuwa na mtu ameegemea ukuta, mbavu zote nje, anakohoa kifua kinapanda na kushuka. Nikasema eh, mtengenezaji huyu njaa anaijua, ametafuta mtu wa kweli. Baba Okezie akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema, "Ihuoma, huyo ni wetu." Dada, nilikuwa nimemsifu mwanangu kwa kukonda.

Baada ya hiyo mzee hakula vizuri. Kisha ikaja ya vichekesho, Okezie ana shavu, anafukuza mbuzi aliyekula suruali ya mchungaji. Upuuzi mtupu, lakini baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Na mwezi huu imekuja ya maombi, mahubiri marefu kuliko ya kanisani, ila humo Okezie amepewa maneno. Anafungua mlango anasema, "Mzee, gari liko tayari." Basi. Baba Okezie anairudisha, anairudisha, mpaka kanda inalia. Kila mgeni anaketishwa asikilize. Anawaambia mtoto alikuwa mgonjwa kidogo, mmeona kwenye ya vita, sasa amepona, amenenepa, wanamheshimu. Shemeji yake alimtania kwamba yule aliyefungiwa mlango leo ndiye anapelekewa jogoo. Akajibu, "Ndiyo, na nitambebea mizigo yake mwenyewe kichwani."

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Okezie amefariki, dada. Alifariki kabla ya hizi kanda mbili za mwisho kutufikia. Mwanamke anayetunza mavazi yao ya sinema, Ebiere, alinifuata sokoni wakati wa vumbi la Januari, baada ya ile ya vita. Aliniulizia kwa wauza mafuta mmoja mmoja. Ni kifua kilichomwua. Walichanga wenzake wakamzika hukohuko Lagos, kwenye makaburi ya mji, hakuna mtu wetu aliyetupa udongo. Ilipokuja ile ya vichekesho nilidhani Mungu amebadili, nikakimbilia kwa Uzodinma. Akaniambia kanda zinaweza kulala mwaka au miwili zikisubiri mwenye nazo apate fedha, ya zamani ikatoka baada ya mpya. Yule mnene ndiye wa zamani. Nikamwomba Uzodinma anyamaze, nami nikanyamaza, kwa sababu kila nikifungua mdomo namwona mzee anacheka.

Mimi siwezi kumwambia. Si kazi ya mke, na nikiwa peke yangu ataanguka nani amshike? Pitia Owerri umchukue Maduka, kaka yake mzee, na wanaume wa ukoo wawili watatu, mfike Alhamisi. Usivae nyeusi. Usilie getini. Akikuona atakuketisha usikilize yale maneno, na wewe sikiliza, mpe hiyo mara ya mwisho, ndipo Maduka aseme. Lagos tutakwenda sote, kumwomba Okezie kaburini aturuhusu kumleta alale kwao.

Lakini kuna la pili, na hili Maduka asilisikie. Nilimwuliza Ebiere kwa nini hawakutuma habari alipozidiwa. Akasema walimsihi awape jina la baba yake, wakamsihi sana. Akawaambia baba yake alikufa zamani. La kaburi tutamwambia Alhamisi. Hili nimekuwekea wewe nusu kwa sababu lote limenishinda kubeba, na liishie hapo kwako.

Wabusu pacha, msalimie Nnenna na wote wa kanisani kwako Aba. Kanda goti na mafuta ya moto kabla ya safari. Mungu akufikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Ihuoma, Mama Okezie.