Deki Uliyomwahidi Mama

S.L.P. 61,
Khwisero.
12 Oktoba 2025.

Mpendwa ndugu yangu Cleophas,

Pokea salamu za nyumbani, zenye vumbi la mahindi tuliyoanika uani. Hujambo? Rachael naye hajambo? Watoto je, bado wanarefuka kama kwenye zile picha za Pasaka? Unakumbuka tulivyofundishwa shuleni kuandika, "ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kama chuma cha reli," nasi hatukuwa tumeiona reli hata siku moja? Basi dada yako sasa ni chuma kilichoshika kutu magotini, lakini namshukuru Mungu, natembea.

Nimeshika kalamu kwa sababu nakujua. Ningekutumia ujumbe kwa simu, ungesoma mstari wa kwanza, ukanijibu kwa picha ya kidole gumba, mambo yakaishia hapo. Fauzia, yule binti ya Hassan mwenye duka Mumias, anakuja huko huko Edmonton kusoma, na amekubali kunibebea bahasha hii. Ndani yake kuna mfuko mdogo wa nailoni. Tafadhali usiufungue mpaka nikuambie.

Nianze na Mama. Nyonga haijapona sawasawa tangu alipoanguka Februari kwenye zile ngazi tatu za veranda. Anatembea na mkongojo, na dawa anakunywa akikumbushwa. Lakini ugonjwa ulionitia hofu haukuwa wa nyonga. Baada ya kuanguka aliziogopa zile ngazi, akawa mtu wa ndani. Wewe unamjua Mama. Maisha yake yote amekaa mbele ya nyumba akichambua mboga, na hakuna aliyepita kwenda sokoni bila kusema "Mulembe, Mama," naye akamshika kwa maswali mpaka mtu akachelewa. Alipoingia ndani, salamu zilibaki nje. Akaanza kuacha chakula. Akawa ananiuliza kama leo ni siku ya soko, nikimjibu anasahau, anauliza tena. Nilikuwa namwona akiisha taratibu mbele ya macho yangu.

Halafu Aprili ukapiga simu. Sijui kama ulifahamu ulichokisema siku hiyo. Mtandao ulikuwa unakatika, simu iko mezani kwa sauti ya juu, nawe ukasema, "Mama, nataka kukufanyia deki. Deki kubwa, nyuma ya nyumba."

Ndugu yangu, umekaa ng'ambo miaka kumi na minne mpaka umesahau deki ni nini kwetu. Deki ni ndoo, maji na tambara. Mama alipiga makofi. "Kleofasi anakuja kunipigia deki!" Akacheka mpaka akashika nyonga. Baadaye kidogo akaanza kujiuliza. "Lakini nyuma ya nyumba si ni udongo? Atapiganga deki kwa matope?"

Alhamisi akina mama wa kanisa walipokuja kuomba naye, akawatangazia kwamba mwanawe yuko njiani. Siku hiyo alikula. Nilikuwa mwalimu miaka thelathini na minne, kazi yangu ikiwa kusahihisha makosa, na hilo moja lilinishinda. Nikosoe ukitaka.

Unajua kwa nini aliamini upesi hivyo. Katika kijiji kizima ni wewe peke yako, mvulana, uliyepiga deki. Watu walicheka, Baba akawajibu kwamba sakafu haijui nani mwanamume. Ile veranda aliijenga kwa mikono yake akitoka zamu kiwandani, akaitia rangi nyekundu, na kila Jumamosi ilikuwa yako. Sisi wasichana tulichota maji mtoni, wewe ukapiga magoti. Hukuwahi kujifunza kuanzia ndani kwenda nje. Siku moja ulianzia kwenye ngazi, ukarudi nyuma, ukarudi nyuma, ukajikuta umebanwa kwenye kona chini ya dirisha, sakafu yote mbele yako imelowa. Na Baba alikuwa amekataza mtu kukanyaga kabla haijakauka. Ulikaa pale umekumbatia magoti, sisi tukila viazi vitamu uani na kukuonyesha kila kipande kabla hatujakimeza. Baba ndiye aliyevua viatu akakufuata na kiazi chako. Nimeikumbuka siku hiyo mara nyingi mwaka huu.

Pesa zako zilifika Mei, laki moja na elfu themanini, pamoja na ule mchoro na picha ya deki ya kwenu huko. Ndipo mimi mwenyewe nikaelewa ulikuwa unazungumzia sakafu ya mbao ya kukalia nje. Nikamtafuta kontrakta. Wa kwanza alikuwa Griffin, kijana wa Lurambi, mwenye kipimo cha mwanga mwekundu na viatu visivyojua tope. Ana heshima na sitamsema vibaya. "Madam, hii deki itakuwa moto," akaniambia. "Mbao za kisasa, reli za chuma, taa za sola huku chini." Akaandika laki tatu na elfu arobaini na tano. Nilimuuliza kuhusu mchwa, akasema mbao zimetiwa dawa. Mchwa wa Khwisero walikula mlango wa kanisa uliopakwa oili chafu mara mbili, sikuona watakavyoziheshimu mbao kwa sababu ni za kisasa.

Lakini bei siyo iliyotukwamisha. Griffin alianza kupima nyuma ya nyumba akifuata mchoro wako, akachomeka vijiti, akavuta kamba. Alipofika karibu na mparachichi akasimama, akavua kofia. "Madam," akasema polepole, "mchoro unapita hapa."

Kamba ilikuwa juu ya kaburi la Baba.

Sikulaumu, Cleophas, na ninaandika hili nikitaka ulisome mara mbili. Mwaka ule wa korona ndege hazikuruka. Ulitazama mazishi kwenye simu, na mtandao ukakatika jeneza likiwa bado sebuleni. Nani alikuonyesha mahali? Ulichora ukiwa na nyumba kichwani, na kichwani mwako chini ya mparachichi bado kuna bembea tu. Wazee wa ukoo walitaka azikwe mbele, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameshasema nyuma. Mbele, alisema, waachiwe watu wapite wakisalimiana. Nililia pale, nimeshika kijiti cha Griffin, na nililia kwa ajili yako.

Mama alisikia kilio akatoka kwa mlango wa jikoni, ameegemea ukuta. Sikuwa na pa kujificha tena. Nikamweleza deki ya huko ni nini, nikamwonyesha picha yenu mmekaa nyuma ya nyumba, ua wa mbao umewazunguka. Aliitazama sana. "Mbona wamejificha?" akauliza. "Wamekosana na nani?"

Kisha akanirudishia simu. "Kwa hivyo haji."

Nikamwambia hukuwa umesema unakuja. Akarudi ndani, na kwa siku tatu hakuulizia redio wala siku ya soko. Siku ya nne nikimpelekea uji akaniambia, bila hata kuniangalia, "Mjenge mbele. Na lile neno alilosema, alisema. Mimi nilisikia."

Basi nikavunja mpango wako, na hapa ninaomba radhi kwa kutumia pesa zako kinyume na mchoro wako. Griffin tuliagana vizuri. Nikamtafuta fundi wa simiti, na kwa hilo Mama alinipa mtihani wa kumpa. Aliniambia niende kwenye kila veranda ambayo fundi huyo amejenga, nimwage jagi la maji, nitazame. Yakituama, fundi hafai. Yakirudi kuelekea mlangoni, hafai na jamaa zake. Nilizunguka Khwisero na jagi langu kama mwendawazimu. Mafundi wawili walianguka. Wa tatu, Jairus, mzee wa maneno machache, nilimwaga maji kwenye kazi yake ya miaka tisa, yakajikusanya yenyewe, yakatoka nje kwa adabu.

Tuliandikiana mkataba kwenye karatasi ya daftari, jirani yetu Wanjala akashuhudia. Malipo mara tatu: akianza, mabati yakishapanda, na sakafu ikishakauka. Vifaa nilinunua mwenyewe. Mchanga, kokoto, mawe ya msingi, mabati na nguzo, yote yakiwa na risiti, ambazo nimekuwekea. Simiti niliiweka chumbani kwangu, kwa hiyo nimelala na mifuko ishirini na sita kwa wiki mbili, nikaamka na kope nyeupe. Jumla ilikuwa laki moja, sabini na tatu elfu na mia sita. Zilizobaki nilimtengenezea Mama kiti cha mbao chenye pa kuegemeza mikono, kwa sababu akikaa chini kuinuka ni kazi.

Ilibidi veranda ya Baba ivunjwe. Jairus alisema msingi umepasuka, na ngazi zile zingemwangusha Mama tena. Nilijua ni kweli. Hata hivyo nyundo ilipofika kwenye kona ya chini ya dirisha, nilikwenda shambani kuchuma kunde ambazo hatukuzihitaji. Tulikula kunde siku nne. Yale mabonge mekundu sikukubali yatupwe. Jairus aliyapanga kwenye msingi wa mpya, kwa hiyo sakafu ya Baba iko chini ya hii, nataka ulijue hilo.

Mama alisimamia kila kitu kupitia dirishani. Jairus alimshauri aweke taili. "Taili inatelezanga," akamjibu, "na mimi nimeshaanguka mara yangu." Akataka nyekundu, ikawa nyekundu. Nilipomharakisha Jairus siku za mwisho akaniambia, "Mwalimu, simiti haiogopangi kiboko." Nikatulia.

Haina ngazi sasa, ina mteremko mpole, na Mama anatoka mwenyewe na mkongojo wake. Ijumaa ya wiki iliyopita ndipo alipokaa nje mara ya kwanza. Wanjala alipita na baiskeli, mzigo wa majani nyuma. "Mulembe, Mama! Umerudi?" Umerudi, kana kwamba alikuwa safarini! Mama akamshika hapo hapo, akamuuliza ng'ombe, akamuuliza mke, akamuuliza mguu wake uliovimba mwaka jana, mpaka yule bwana akaegemeza baiskeli. Siku hiyo alikula obusuma, bonge zima la ugali, na kuku, akataka kuongezwa. Cleophas, sijui nikushukuruje. Ulimjengea Mama mahali pa kuwa hai, hata kama hukukusudia pawe pale.

Ila kuna tatizo. Sakafu mpya huwa na vumbi la simiti, lazima ipigwe deki ndipo ing'ae. Jumamosi asubuhi nilitoka na ndoo, Mama akanizuia kwa mkongojo. "Wacha. Iko na mwenyewe." Nilidhani ni mzaha. Leo ni siku ya tisa. Nafagia tu. Kuku wameacha nyayo zao, Wanjala ameacha za kwake, na wageni wanashangaa mwalimu mstaafu anavyoishi kwenye uchafu. Mama anawaambia wote, kwa sauti tamu kabisa, kwamba mtu wa deki yuko njiani. Safari hii hajakosea kusikia. Anajua anachosema, na mimi sina la kumsahihisha.

Kila mwaka unatuambia mwakani. Mimi nimekuwa nikikuelewa kwa sababu najua kazi na karatasi za huko. Lakini Mama ana miaka themanini na mmoja, na mimi ndiye ninayemwona akitazama njia. Nimekukosa mno, ndugu yangu. Nimesema.

Wanjala anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa bata mzinga. Beldina, dada yetu wa Matete, anawasalimu nyote na amewafungulia nyumba yake wajukuu wawili wa likizo. Jairus anakusalimu bila kukujua, anasema ukija umwage maji. Msalimie Rachael, uwabusu watoto, uwaambie shangazi yao anawadai barua kwa mkono.

Sasa fungua ule mfuko.

Umeitambua? Ni sweta yako ya kijani ya darasa la nane, ile ambayo viwiko vilipokwisha Baba aliifanya tambara la Jumamosi. Mama alikuwa ameihifadhi kwenye sanduku la bati tangu uondoke. Wiki hii aliitoa, akaomba makasi. Mkono wa kushoto umetundikwa kwenye ndoo mpya kando ya mlango. Wa kulia ndio huo ulioushika. Mama amesema usimpe mtu aulete, wala usiutume kwa posta.

Mungu akulinde, akufungulie njia, na safari hii uanzie ndani kwenda nje.

Mimi dada yako nikupendaye tangu ulipokuwa wa kubebwa mgongoni,

Awinja.