Mjomba wa Bibi Arusi Anataka Kupika

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaaibika, maana arusi ya binti yangu imebaki wiki tatu na mzozo wenyewe nimeuanzisha mimi. Kakangu Abdulghafur ni mpishi katika jeshi la wanamaji tangu mwaka 1976, na mshahara wake ndio ulionilea baada ya wazazi wetu kufariki, lakini siku ya posa mamake bwana arusi, Bi Munazza wa Kizingo, aliponiuliza mjomba anafanya kazi gani nikamwambia yuko manowari, akasema, "Mashallah, afisa!" nami nikamwongeza kahawa, na sasa Kizingo nzima inamngojea afisa. Juzi kakangu kaja hapa Kibokoni akaniambia, "Khairiya, nipe sufuria za arusi niwapikie," nikamwambia, "Wewe ni mjomba wa bibi arusi, mahali pako ni kwenye mkeka wa nikahi mbele ya watu, si huko nyuma na wapishi wa kukodi," akasema, "Arusi ngapi za nyumba hii nimezikosa niko baharini? Hii nikija, napika. Sipiki, siji," akavaa viatu akaondoka.

Nami roho inanisuta, mshauri, kwa sababu mwezi uliopita wanamaji walituchukua sisi jamaa zao kutembea na meli, na tulipoupita mnara wa taa bahari ikachafuka, maafisa wenye nyota mabegani wakawa wanatapika pamoja na wake zao, nikashuka kumtafuta kakangu nikamkuta jikoni miguu kaipanua, sufuria zimebanwa kwa vyuma juu ya jiko, kisu kinakata vitunguu meli ikilala na kinangoja ikiinuka, huku anamwambia mwenzake, "Hii ya baharia Nicanor usitie pilipili, mkewe yuko hospitali, naye kwa wasiwasi tangu jana tumbo limekataa chakula," na kapteni mwenyewe akachungulia mlangoni akauliza kwa adabu, "Abdulghafur, leo tutakula?" akajibiwa bila ya kugeukiwa, "Saa sita unusu, afande," na saa sita unusu, wallahi, watu themanini walikula wali wa moto katikati ya mawimbi, kumbe miaka yote hii sikujua nina ndugu wa namna hiyo. Sasa nimpe kakangu sufuria, Bi Munazza anicheke, au nimkatalie nimkose?

Khairiya, Kibokoni

Bi Khairiya,

Umeona ajabu kwa macho yako, kisha unaniuliza kama yafaa kuonyeshwa Kizingo! Nimesoma vitabu tele vya vita vya baharini, vya Wareno, vya Waturuki, vya Waingereza. Vyote vinahesabu mizinga, na sikumbuki hata kimoja kilichomtaja aliyepika siku hiyo. Wamekosea, lakini waandishi wale hawakulelewa na mpishi. Wewe ulilelewa naye, na ulipoulizwa ukamimina kahawa. Tena cheo ulichomwazima ni cha watu waliokuwa wanatapika!

Pole nakupa, macho ya wakwe nayajua yanavyochoma. Lakini hukumsikia kakako. Hakuja kuomba kazi. Miaka thelathini na zaidi amewalisha watoto wa wenzake, sikukuu hata sikukuu, na kwao hajampakulia mtu sahani. Anataka mara moja watu wake wale kutoka mkononi mwake. Kama hiyo si haki ya mjomba, niambie haki ya mjomba ni ipi.

Leo alasiri vaa buibui lako uende Kizingo, wala usipige simu. Mwambie Bi Munazza: "Kakangu ni mpishi. Nilikuacha uamini mengine, nisamehe." Akicheka, mwache amalize, kisha umsimulie ulichokiona melini. Ukitoka hapo nenda kwa kakako, akachague sufuria mwenyewe. Wapishi mliowakodi msiwafukuze, washike moto wakati wa nikahi ili mjomba akae mbele anapostahili. Atafika pale ananuka moshi na vitunguu. Usimpelekee chetezo cha udi kuifukuza harufu hiyo.