Kipande cha Kushoto

Msambweni,
Februari, 1998.

Kwa Kaka Alamin,

Najua barua huanza kwa salamu, na salamu zako zipo hapo chini, sijazisahau. Lakini nikianza nazo nitaandika mambo mengine yote na hili nitaliacha, kama nilivyofanya katika barua mbili nilizozichana. Kwa hivyo nalitanguliza. Sikio langu la kushoto halisikii. Si kwamba linasikia kidogo, wala si uzito wa mafua. Halisikii kitu. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Bibi, si mwalimu yeyote katika miaka yote niliyokaa shuleni. Wewe ndiye wa kwanza, na utaona kwa nini imebidi uwe wewe.

Sasa nakusalimu. Assalaam alaykum, na shikamoo kaka yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kifua kimepoa, maana Mama hajaacha kukitaja tangu ulipoandika kwamba dukani kwenu huko Dubai mashine ya baridi hailali. Sisi huku hatujambo. Baba mguu unamsumbua akitembea, akikaa haumsumbui, kwa hivyo anakaa. Bibi ni mzima kuliko sisi sote. Zile mvua kubwa zimepungua na barabara zinapitika tena. Matokeo ya mtihani bado hatujayaona, nami sina kazi ila kusaidia nyumbani na kungoja.

Hedifoni zilifika salama kabla ya Idd, zimefungwa ndani ya soksi mpya kama ulivyosema. Soksi Baba amezichukua. Sikuwahi kuona hedifoni za namna hii, ndogo hivi, zenye vipira laini vya kuingia ndani kabisa ya tundu la sikio. Nilimwambia Baba bei uliyoniandikia. Akazitazama kwenye kiganja chake, akasema kwa pesa hizo mtu anaezeka nyumba mabati, kisha akanirudishia polepole kama mtu anayerudisha yai.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Uliniambia tajiri wako yuko tayari kukupa shehena yake ya hedifoni hizi kwa bei anayonunulia yeye, kwamba akiba yako ya miaka yote ya huko itatosha hiyo tu na nauli, na kwamba ukizipata utarudi ufungue duka Ukunda. Uliniomba nizisikilize bila haraka, kisha nikuambie kama kweli zinastahili bei yake. Ukasema humwulizi mtu mwingine kwa sababu mimi sisemi uongo, na kwa sababu mimi nina sikio. Hilo la pili ndilo lililonitesa.

Nakumbuka lilikotoka. Tulipokuwa wadogo nilikuwa nakaa ubavuni mwa redio ya Baba, kichwa nimekiinamisha, sikio limegusa kitambaa cha spika. Ulikuwa ukiwakataza wenzako wasinisumbue, ukiwaambia Mwanaima anausikiliza muziki kwa ndani. Ustadh naye chuoni alinisifu kwa kuwa nilimgeuzia uso wangu wote alipokuwa akisoma, akadhani ni bidii. Kaka, nilikuwa nasogea ili nisikie. Na hii haya ninayosifiwa mtaa mzima, ya kuitwa nisigeuke, ya kusemeshwa nikainamisha kichwa, haya ninayo kweli, lakini si yote. Nyingine ilikuwa ni watu kusimama upande wa kushoto.

Siku niliyozivaa mara ya kwanza nilikuwa peke yangu nyuma ya jiko, nimezichomeka kwenye redio ya kaseti ya Baba. Kipande cha kulia kiliimba, cha kushoto kilikuwa kimya. Sikujishuku. Nilijua tangu utotoni kuwa sikio hilo ni zito, lakini mtu akiwa kati ya watu sauti humjia kutoka kila mahali, na sikuwahi kupata kitu cha kulipima lenyewe peke yake. Nikaanza kukuandikia kwamba tajiri wako anakuuzia vitu vibovu, kipande kimoja kimekufa. Barua hiyo ndiyo ya kwanza niliyoichana. Kabla sijaimaliza niliona bora nimwulize Johnstone.

Johnstone humjui. Ni mtu wa bara, mpangaji wa Mzee Chirau katika vile vyumba vya nyuma yetu, anapiga gitaa katika hoteli moja ya Diani. Yeye na mkewe Nereah waliondoka wakati wa fujo za Likoni mwaka jana, wakarudi hali ilipotulia, lakini wageni hawakurudi pamoja nao, na siku hizi hoteli inamwita mara moja moja. Mimi humwonea haya, kwa hivyo nilimpa Nereah pamoja na redio na kaseti ileile, Nereah akampa yeye, nikakaa kizingitini nikingoja. Alizivaa, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikafikiri amelala. Nereah alimwita aje kula. Akamwita tena. Akaenda kusimama mbele yake na mwiko mkononi. Alipozitoa alinitazama mimi kana kwamba nimemfanyia jambo, akasema:

"Siste, hii si mchezo. Nasikia hadi vidole vya huyu jamaa vikitembea kwenye waya."

Nereah akamwambia asizisingizie hizo, maana hata bila hizo huwa hamsikii.

Nilijikaza nikauliza kama kipande cha kushoto kinafanya kazi. Akacheka. Akasema kitaachaje kufanya kazi na gitaa la pili lote limewekwa upande huo, linajibizana na la kwanza tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na ndilo tamu kuliko lile. Akaniuliza nilikuwa nasikiliza nini ikiwa hilo sikulisikia. Nikamwambia labda sikuzivaa vizuri.

Nikarudi nyuma ya jiko. Nikakichukua kile kipande cha kushoto nikakitia katika sikio la kulia, nikarudisha kaseti mwanzo. Kaka, gitaa la pili lipo. Wimbo huo naujua tangu darasa la nne, nimeuimba nikifua, nikichota maji, na sikujua kama kuna mtu mwingine ndani yake. Nilikaa pale mpaka upande mzima wa kaseti ukaisha.

Basi utaelewa kwamba ushuhuda wangu juu ya sauti ni nusu. Ndiyo sababu niliyoyaandika hapa chini nimeyachukua kwa wengine, nimeweka macho pale sikio liliposhindwa.

Johnstone nilimwazima hedifoni kwa siku kadhaa, na alipozirudisha furaha ilikuwa imempungua. Alimweleza Nereah, nami nikiwepo, kwamba kaseti zinazouzwa Ukunda ni nakala za nakala. Ukizisikiliza kwa spika ya kawaida hujui, unafurahi na maisha yako. Hizi zinakuonyesha kila uchafu. Unausikia mvumo, unasikia pale utepe ulipojikunja, na katika kaseti moja amemsikia aliyenakili akifunga mlango. Alisema kitu hiki ni kizuri kupita vitu tulivyo navyo vya kusikilizia. Nilimwuliza kama angekuwa na pesa angezinunua. Akasema angenunua spika moja kubwa ili watu wote hotelini wamsikie, kwa kuwa hakuzaliwa kupiga gitaa ndani ya sikio lake mwenyewe. Akasema pia kwamba wanaoweza kuilipa bei hiyo ni wageni, nao huja na zao, na siku hizi hata hawaji.

Wa pili alikuwa Bibi, na hili sharti nikusimulie, maana hapa nyumbani halizungumzwi.

Unakumbuka ile kaseti iliyokuwa sandukuni mwa Bibi, imefungwa kwa leso, ambayo tulikatazwa kuigusa? Ni nyimbo za usiku wa kumfunda bi harusi, za harusi ya shangazi, wanawake peke yao, Bibi na marehemu dada yake ndio waongozaji. Haikuwahi kupigwa humu ndani kwa sababu nyimbo zile si za kusikiwa na wanaume, na nyumba yetu haijakosa mwanamume hata siku moja. Bibi alipoona hedifoni alikataa kwanza, akasema yeye hatiwi kitu sikioni kama mgonjwa. Nilipomweleza kwamba aliyezivaa husikia peke yake na mtu aliye kando yake hasikii, aliacha kubisha. Baadaye akaniita chumbani, akafunga mlango, akafungua sanduku.

Nilimvika vipande vyote viwili na kuvisukuma viingie sawa. Uso wake ulibadilika mara moja. Alimtaja dada yake kwa jina, akasema huyu hapa, anavuta pumzi, sasa hivi ataanza. Kisha akaanza kuimba naye. Kumbe mtu akiwa na vitu hivyo masikioni hajui sauti yake ina ukubwa gani. Bibi aliimba kama alivyoimba siku ile ya harusi, dirisha liko wazi, na barazani nje wamekaa Baba na Mzee Chirau wakingoja adhana ya Magharibi. Nilimgusa bega, akaniondoa mkono. Alipofika pale bi harusi anapofundishwa namna ya kumpokea mume, Baba aliinuka na mguu wake mbovu akazunguka nyuma ya nyumba upesi kuliko nilivyomwona akitembea mwaka huu. Mzee Chirau hakuinuka. Mama alikuja mbio kutoka jikoni na kumfungia Bibi dirisha, na jioni ile wote walikula bila kutazamana. Bibi mpaka leo hajui. Anamsifu Mzee Chirau kwamba siku hizi amezidi heshima, akimwona anampisha njia.

Ukiniuliza sasa, Kaka, nasema hivi. Kazi iliyotiwa ndani ya vitu hivi ni ya kweli, na aliyevitengeneza hakumdanganya mtu. Bibi amemsikia dada yake akivuta pumzi, na sijui hiyo mtu anaitilia bei gani. Lakini hapa petu hakuna atakayekutolea pesa hizo. Watazivaa dukani, watafumba macho, watakushukuru, watakwenda kununua zile za barabarani. Usiiweke akiba yako humo. Nimeandika sentensi hiyo nikijua maana yake, kwa sababu Mama ameshawatangazia watu kwamba unarudi kufungua duka, na kile chumba cha mbele siku hizi anakiita dukani, ingawa wewe ulisema Ukunda na ndani mna magunia ya nazi tu. Ananiuliza kila nikikutana naye ukumbini kama nimekwisha kukuandikia kuwa ni nzuri. Nataka urudi zaidi ya yeye anavyotaka. Rudi na nguo zako tu. Kama huwezi kurudi bila kitu, Nereah anasema watu wanaulizia pasi za umeme.

Sikuombi umwambie Mama uongo. Mwambie ulimwuliza mtu, akakujibu.

Imebaki sababu ya kutosema habari ya sikio. Niliumwa nalo nikiwa mdogo, wewe ulikuwa umekwenda kukaa kwa mjomba Kwale. Mama alipasha mafuta ya nazi akanitilia, akanilaza kifuani kwake akinipepea mpaka asubuhi. Mafuta yalikuwa ya moto kuliko alivyodhani. Nililia, na yeye akadhani nalilia maumivu yale yale, akaongeza. Sijui kama ni mafuta au ni ugonjwa wenyewe. Pengine daktari angejua, na nikipata njia ya kupita hospitali bila Mama nitauliza. Lakini Mama hatamngoja daktari. Akijua tu kwamba sikio limekufa, atasema ni mkono wake, na hatutaweza kumtoa hapo maisha yake yote. Kila mara anapowasimulia watu jinsi nilivyopona usiku ule, huwa ananishika sikio hilohilo.

Baba anakusalimu. Mama anakusalimu sana na anasema uvae fulana chini ya shati. Mzee Chirau ameniambia nikupe salamu zake, naye amekuwa mtu wa kutabasamu. Johnstone anauliza kama huko nyuzi za gitaa ni rahisi.

Hedifoni naomba usizidai. Baada ya chakula cha mchana, Baba akishatoka, Bibi hunikalisha mkekani kando yake na kaseti yake katikati. Mimi nachukua kipande cha kulia, yeye nampa cha kushoto, waya ni mfupi, kwa hivyo vichwa vyetu hugusana. Kaseti ile ilirekodiwa kwa redio ya spika moja, na Johnstone amenieleza kwamba katika kaseti kama hiyo pande zote mbili huwa na sauti ileile. Hakuna linalonipita. Ninamsikia na dada yake Bibi akivuta pumzi. Bibi husema sasa anaimba kwa sauti ndogo kwa sababu tuko wawili, na kwamba walioviunganisha kwa waya mmoja walijua ni vya watu wawili.

Niliyokueleza mwanzoni na haya ya Mama yabaki kwako, Kaka, hata siku utakayokuwa umerudi na tumekaa sote pamoja. Ukiniita, kaa upande wa kulia, wala usimwambie mtu kwa nini. Na usimwambie Bibi. Yeye anadhani kila siku namchagulia kile cha kushoto ili akae mkono wangu wa kulia, kwa sababu nina adabu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwanaima.