Mbao Zilizokataa Kukauka

Lituhi, ziwani

Kwako Mama Jeni,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na Jeni mzima, na kile kikohozi chake kiwe kimeondoka. Mama yangu mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma, maana namjua, atakaa hapo mlangoni akisubiri kusikia kama ametajwa. Mwambie nimemtaja wa kwanza. Mimi sijambo, tena nimenenepa kidogo kwa usipa, dagaa wa huku, ambao wanaletwa asubuhi, mchana na jioni. Nimeona niandike kwa sababu simu huku inakatika ukifika penye utamu, na hili sitaki likatike.

Unakumbuka nilipokuaga nilikwambia Madam mwenye nyumba ya wageni amenipa kazi ya kujenga baraza la mbao la wageni, upande wa ziwani, na kulipaka rangi. Nikakwambia pia ameahidi kwamba likitoka vizuri ataniajiri moja kwa moja, na chumba cha nyuma ya jiko kitakuwa chetu, wewe, mimi na Jeni. Ulimbeba mtoto mgongoni ukaenda kwenye kahawa. Lakini nilikuelewa, mama, na tangu siku hiyo hicho chumba ndicho nilichokuwa nakifikiria kila nikigonga msumari.

Mbao zililetwa kwa lori kupitia Kitai. Ni zile zilizoshindiliwa dawa mpaka ndani, mchwa hawazigusi, lakini zinafika zikiwa za kijani na nzito kwa maji ya hiyo dawa. Vipande nilivyokata nilivifukia, ingawa kina mama walivitaka kwa kuni na wakaninunia, kwa sababu moshi wake ni sumu. Sasa mbao kama hizi hupaki rangi siku unayozipigilia. Rangi yake si ya kukaa juu kama ya ukutani, inatakiwa izame ndani, na ubao uliojaa maji hauna pa kuiweka. Ukilazimisha, mvua za kwanza tu inabanduka. Kipimo chake ni rahisi. Unadondosha maji kidogo juu ya ubao. Yakiviringika kama kwenye jani la magimbi, bado. Yakinywewa, shika brashi.

Jamani, mbao zile zilikataa kukauka. Baraza lilisimama wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, na jua la ziwani si la mchezo. Kila asubuhi nadondosha maji, yanakaa juu yananitazama. Naona ubao una unyevu, nasema ni umande, kama ule wetu wa Mbuji unaolowesha suruali mpaka magotini. Mchana nilikuwa natengeneza milango upande wa pili, sikurudi kuangalia. Mmatengo wa milimani mimi, nitajuaje kwamba huku kiangazi umande si kitu?

Madam akachoka. Alikuwa na wageni wa harusi wanaokuja, na aliniambia bila kuzunguka kwamba akirudi kutoka Songea akute baraza halina rangi, ataleta fundi mwingine atakayelipaka siku hiyo hiyo, na chumba kitakuwa cha huyo fundi. Nilirudi nilikopanga nikalala bila kula. Nilikuona wewe na huyo mtoto mkiendelea kunisubiri mwaka mwingine, na roho iliniuma sana.

Siku aliyotakiwa kurudi niliwahi kazini kabla jua halijatoka. Nikamkuta Baba Yohana na ndoo. Huyu ndiye mlinzi wetu wa usiku, mvuvi wa zamani, mzee wa Kianglikana mwenye kuimba tenzi za kanisani kwa sauti ya puani. Huyo huyo na mkewe ndio walioniuguza malaria nilipofika, nikiwa sijui mtu, mkewe akininywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Basi anachota maji ziwani, anamwagia baraza langu ubao kwa ubao, taratibu, huku anaimba.

Nilimuuliza anafanya nini. Alinishangaa. Akanieleza kwamba mtumbwi ukikaa nchi kavu bila kumwagiwa maji jua linaupasua, na yeye ameona nimejenga kitu kizuri halafu nimekiacha juani, akajua watu wa milimani hatujui mambo haya. Kwa hiyo kila alfajiri kabla ya kwenda kulala ananisaidia. Hakutaka hata kunitajia, nisijione mjinga.

Nilikaa chini kwenye ngazi, mama. Hasira nilizitafuta sikuziona. Nilipomweleza kuhusu dawa, na rangi, na Madam, mzee wa watu aliweka ndoo chini.

Madam alifika saa nne. Nikamwambia mbao bado, naomba muda. Akataka kujua kwa nini mbao za watu wengine zikauke na zangu zisikauke. Nikisema, mzee anafukuzwa uzeeni. Nisiposema, naondoka mimi. Nilikuwa naangalia miguu yangu tu. Madam akachukua simu ampigie yule fundi.

Baba Yohana alikuwa hajaenda kulala. Akaja, akavua kofia.

"Maji nilikuwa namwaga mimi, Madam," akasema. "Huyu kijana ana mke na mtoto. Kama ni kuondoka, niondoke mimi, kwangu ni hapo tu."

Madam akaiweka simu. Kisha akaichukua ile ndoo, akaenda nayo stoo, akaifungia, akatia ufunguo kwenye mkoba. Akaniuliza nataka siku ngapi. Wageni wa harusi akawalisha uani chini ya turubai, wala hakuna aliyelalamika.

Ndoo ilipofungiwa mbao zilikauka upesi kuliko nilivyotegemea, upepo wa huku nao ulisaidia. Asubuhi niliyodondosha maji yakanywewa nilipiga kelele mpaka mpishi akatoka. Nikapitisha msasa, nikapaka nikifuata urefu wa ubao, na Baba Yohana akija nyuma yangu kwa magoti na kitambaa, anafuta rangi iliyozidi. Hakuacha hata ubao mmoja. Limetoka na rangi ya kahawa iliyokaangwa, utaliona mwenyewe.

Maana chumba tumepewa, Mama Jeni. Madam alinipa ufunguo mkononi akaniambia nikalete familia yangu. Sina la kusema zaidi ya kushukuru, na ninawashukuru watu wa hapa kila ninapolala.

Kahawa ikishaisha kuchumwa, njoo. Mama hatabaki peke yake, mdogo wangu Kristina amekubali kuhamia kwake, na mimi mwenyewe nitapanda kila likizo. Ukifika Kitai usihangaike na basi, kaka yangu anayeendesha lori la makaa ya mawe la Ngaka atakupokea na kukutafutia gari zuri la kuja huku. Yeye nisalimie ukimwona. Msalimie Katekista, na shemeji yangu fundi cherehani, na jirani yetu Mama Skola anayekusaidia kuchuma.

Jana nimemkuta Baba Yohana chumbani kwetu anachonga kitanda kidogo. Nikamwambia Jeni bado analala na mama yake. Akasema atakua. Akaendelea kuchonga, halafu akaniambia kwamba amechoka kuniona narudi kila jioni kwenye nyumba isiyo na mtu.

Hata mimi nimechoka, mke wangu. Njooni.

Mumeo anayekupenda,
Baba Jeni