Fisi Katika Banda la Mwaitu

Alhamisi, Julai 2013. Baridi ya kuuma mifupa.

Ukungu haujaondoka Syokimau tangu juzi. Nimekuja saiba hapa Athi River, kwenye kompyuta za kukodi, kuandika jambo ambalo mdomo wangu umekataa kulisema.

Jana asubuhi nilienda kuwafungulia mbuzi wa Mwaitu, mama mkwe wangu. Watatu walikuwa chini, matumbo wazi. Kwenye kona, fisi. Ameshiba, anahema, ananitazama.

Mlango wa banda hufunguka kwa ndani. Aliusukuma akaingia, ukajirudisha, akashindwa kutoka. Nikaufunga kwa komeo na kupiga mayowe.

Nilipofika, komeo lilikuwa wazi. Juzi jioni niliwaingiza mbuzi nikiongea na dada yangu kwa simu, nikasahau kulifunga.

Majirani walikuja na mapanga. Musyoka, wa ploti ya pili, alikuwa mbele.

"Mama Mwende, toka hapo mlangoni tummalize!"

Sikutoka. Nilijua sheria: ukimuua mnyama wa porini, ni jela. Lakini kusema kweli, si sheria iliyonishikilia pale. Niliona haya mnyama afe kwa kosa langu.

Mwaitu ndiye aliyewatuliza. "Nimepoteza mbuzi. Sitaki kupoteza na watoto wa watu jela."

Maafisa wa wanyamapori walifika saa sita. Wakamdunga fisi sindano ya usingizi, wakampakia kwenye kizimba. Mkubwa wao akatuambia kwamba fidia ni ya mtu aliyeumizwa au kuuawa, si ya mbuzi.

"Si redio inasema hiyo sheria inabadilishwa?" Musyoka akauliza.

"Ikibadilishwa mtasikia. Kwa leo ni hiyo." Kisha akatoa kalamu. "Mlango ulikuwa umefungwa?"

Nilifungua kinywa. Mwaitu akanitangulia.

"Ulifungwa! Huyu msichana wangu hufunga kila jioni. Labda hiyo mbiti yenu iko na mikono."

Watu wakamcheka fisi mwenye mikono.

Nami nikacheka.

Tangu hapo sina pa kupumulia. Mwaitu anamsimulia kila anayekuja kutupa pole jinsi nilivyosimama mlangoni kama askari. Ananiwekea chai kwanza, kabla ya wageni. Kila akinisifu, naona kuta za nyumba zikisogea karibu zaidi.

Ningeweza kuishi hivyo, nadhani. Watu wengi wanaishi hivyo.

Lakini leo nilimkuta nyuma ya banda peke yake, anavuta komeo huku na huku. "Mume wako aliniambia nilibadilishe," akasema, "nikaona ni hasara ya bure. Ni mimi niliwaua." Macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia nakuja mjini kununua sukari.

Kesho anamwita fundi aje atoe komeo ambalo halina ubaya wowote.

Sukari nimeshanunua. Nikifika sitavua hata koti. Nitamshika mkono nimwambie: Mwaitu, komeo ni zima. Ni mimi.