Alama Mbili za Salfa

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya mpira,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mwanamume? Vaa nguo nzito, acha ubishi. Mama hajambo, ni miguu tu inayomsumbua. Mimi mwili ni mzima. Zaidi ya hapo usiniulize.

Simu ya msiba uliipata, ukalia, ikakatika. Jinsi shemeji yako alivyokufa si jambo la kuelezana kwa simu. Kaa chini kwanza.

Unalikumbuka lile tangi la mvuke tunamopikia mpira. Mlango wake hukazwa juu ya pete ya mpira, na pete hiyo tunaitengeneza wenyewe: Baba anachanganya, mimi nasukuma kwenye kalibu ipate umbo, mume wangu anaifunga. Basi pete mpya ilipasuka mvuke ukiwa umejaa. Mvuke ulimpiga usoni na kifuani. Alifika hospitali akiwa hai, akaniuliza watoto wamekula, na hakusema tena. Mungu amrehemu.

Sasa tajiri mwenye karakana anatangaza kwamba marehemu alizembea, eti alipandisha mvuke kupita kiasi. Na wenzetu wa kazini, waliokula na mume wangu kila mchana, wanaitikia ndiyo, ndiyo. Makubwa! Mtu aliyekuwa hageuki hata kujibu salamu mpaka amalize kusoma kipimo, leo ndiye mzembe.

Vipande vya pete nimevishika mwenyewe. Hujasahau Baba alivyotufundisha kwa kamba za viatu vyake. Mpira mbichi ni nyuzi ndefu zilizolaliana ovyo. Ukivuta zinateleza, mpira unatiririka kama uji mzito wala haurudi. Ukitia salfa ukaupika, nyuzi zinafungana fundo hapa na pale. Hapo hautiririki tena: ukivuta unakuja, ukiachia unarudi. Lakini mafundo yakizidi, nyuzi hazina pa kujinyooshea. Mpira unakakamaa, ukiubana unapasuka. Na ukishapikwa umepikwa, haurudi ubichini. Pete ile ilikuwa ngumu kama kwato.

Unaijua pia desturi ya Baba. Akishatia salfa, hupaka gumba lake la njano kwenye mlango wa mashine ya kuchanganyia, ili asije mwingine akatia tena. Mchanganyiko ukitoka, anaifuta alama hiyo. Pete ile ilitoka kwenye mchanganyiko wa mwisho, na tangu msiba mashine haijawashwa. Nilikwenda kuangalia. Alama ziko mbili, bega kwa bega, hata kuzifuta alisahau, na zote zina kovu la gumba la Baba.

Baba anasahau, mdogo wangu. Tulikuficha. Anatafuta miwani nayo iko puani, hapo tunacheka. Anamwita Mama kwa jina la marehemu shangazi, hapo hatucheki.

Na mume wangu aliona! Akiifunga ile pete aliniambia, "Leo hii ina ukaidi kama baba mkwe." Nikacheka, mjinga mimi. Lakini angeanzaje kumrudishia mkwewe kazi mkononi? Heshima yake ndiyo iliyonifanya mjane. Nina hasira naye hata kaburini, na ninamlilia.

Sasa niambie. Nikimtetea mume wangu, namtoa Baba mbele ya watu na polisi. Nikinyamaza, wanangu watakua wakiitwa watoto wa mzembe. Alhamisi tajiri anakuja kuandika taarifa yake, na mashine itasafishwa. Njoo kabla ya hapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na peke yangu siwezi.

Jana nilimpa Baba kipande cha pete. Sijui nilitaka nini. Alikipinda, kikakatika. Akanusa, na macho yake yakawa yale ya zamani. "Hii imetiwa salfa mara mbili," akasema. "Mpumbavu gani kafanya hivi? Huyu ataua mtu! Mwite mumeo aje aone."

Nikamwambia nitamwita.

Msalimie sana wifi, na wanangu wa huko uwabusu. Mama anakuombea safari njema hata kabla hujakubali kusafiri. Mola akufikishe ukiwa mzima, mlango hatutaufunga.

Baba naye anakusalimu. Kila anapoamka ananiuliza kama mume wangu ameshaiona ile pete, na amesema nini.

Ni mimi nikupendaye, na nikungojaye,
Dada yako